Bi King'ora na Waya wa Bombani

Kila siku ilipofika saa saba na nusu mchana, fundi cherehani alifanya mambo matatu yale yale. Alikata uzi kwa meno, ingawa mkasi ulikuwa mapajani. Aliondoa mguu kwenye kanyagio. Kisha aliongeza sauti ya redio iliyokaa dirishani. Huo ulikuwa wakati wa mchezo wa kuigiza, na aliyeuandika mchezo huo alikuwa shemeji yake.

Alijivunia sana jambo hilo. Shemeji, mdogo wa mumewe, alikuja kula kwao mara mbili kwa wiki. Kila mteja aliyeingia kupimwa nguo aliambiwa, apende asipende, kwamba mwandishi wa mchezo wa redio ni mtu wa nyumba hii.

Siku hiyo wateja wawili walikuwa wameketi kwenye benchi. Mchezo ukaanza. Vyombo vikagongana, kisha sauti kali ya mwanamke ikasikika:

"Waya huu wa bombani utatuua! Nimesema mara ngapi? Au mnangoja nipulize tarumbeta?"

Mkono wa fundi uliganda juu ya kitambaa. Maneno yale yalikuwa yake. Aliyasema juzi, wakati wa chakula, mbele ya mumewe na shemeji yake. Neno kwa neno, hata hiyo tarumbeta.

Redioni mume akajibu kwa sauti ya kuchoka, "Haya, Bi King'ora ameanza." Kikafuata kicheko kirefu cha watu wengi.

Mteja mmoja alijiziba mdomo. Mwenzake hakuweza kujizuia. "Fundi, mbona kama wewe?"

Fundi alizima redio, akaanza kushona bila kuinua uso. Alishona mshono mzima ukapinda, ikabidi aufumue.

Waya wenyewe haukuwa mchezo. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vinane na bomba moja uani. Waya wa taa ulipita ukutani juu ya bomba. Ganda lake la plastiki lilikuwa limechubuka, shaba ikaonekana. Upepo ukivuma, waya ulining'inia karibu na chuma cha bomba. Fundi alikuwa amemwambia msimamizi wa nyumba mara mbili.

Kesho yake asubuhi alikwenda mara ya tatu. Msimamizi alipomwona anakuja, aliziba masikio kwa vidole.

"Jamani, king'ora hicho! Waiteni zimamoto!"

Wapangaji waliokuwa wakifua walicheka hadi povu likawarukia usoni.

"Mzee, mimi sitanii."

"Najua. Nilikusikia redioni."

"Ule ni mchezo. Waya ni wa kweli."

"Waya upo hapo mwaka mzima, mama. Umemuuma nani?"

Alirudi chumbani. Mumewe, ambaye alikuwa fundi rangi, alikuwa anasugua brashi zake kwa mafuta ya taa.

"Wewe ni mwanamume, labda watakusikia. Utamwambia msimamizi?"

"Nitamwambia," alijibu, kwa sauti ya mtu asiye na safari ya kwenda popote. "Ila na wewe punguza, mama. Unaona sasa tumekuwa kichekesho."

Kilichomwumiza zaidi kilitoka kwa binti yao wa miaka kumi. Jioni alisimama karibu na cherehani, akichezea vifungo ndani ya kopo.

"Mama, usiende tena kusema. Shuleni wananiita Mtoto wa King'ora. Nikinyoosha mkono, darasa zima linalia uuuu."

"Mwalimu anasema nini?"

"Anawaambia kimya. Lakini na yeye anacheka kidogo."

Basi fundi akanyamaza. Alinyamaza siku tano. Mumewe akafurahi kwamba nyumba imetulia.

Siku ya sita, asubuhi, alikuwa anapima kitambaa mezani. Binti alikuwa ametumwa maji. Fundi akasikia ndoo ikianguka, kisha mlio mfupi wa ajabu, kama mtu aliyekatwa sauti.

Alitoka mbio. Binti alikuwa ameshika bomba, mwili mzima ukitetemeka. Hakuweza kuachia. Waya ulikuwa umelala juu ya chuma.

"Zimeni swichi kuu! Swichi kuu! Mtoto anakufa!"

Kutoka chumba cha mwisho mtu alicheka. "Leo sehemu ya ngapi hiyo?"

Hakuna aliyetoka.

Fundi alitaka kumkumbatia mwanawe. Mikono ilikwisha kunyooka. Ndipo akakumbuka kwamba umeme ungempitia na yeye, na mtoto asingekuwa na wa kumwokoa. Mkononi alikuwa bado ameshika rula yake ndefu ya mbao, kavu, na miguuni alivaa ndala za mpira. Alisimama mahali pasipo na maji, akaupiga mkono wa binti kwa rula, mara ya kwanza, mara ya pili, kwa nguvu zake zote. Mkono ukaachia. Mtoto akaanguka nyuma.

Hapo ndipo milango mingine ikafunguka, yote saba.

Kwenye zahanati muuguzi alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza moyo wa binti muda mrefu. Kisha akafunga kiganja kilichoungua.

"Moyo unapiga vizuri, lakini leo atabaki hapa tumwangalie. Mama, ulifanya vyema kutomshika. Swichi kuu kwanza. Isipowezekana, mti mkavu. Nani alijua waya ni mbovu?"

"Mimi. Nilisema, wakacheka."

Binti alifungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Na mimi nilijua. Asubuhi niliona cheche."

"Mbona hukusema, mwanangu?"

"Sikutaka niwe King'ora wa pili."

Fundi aligeukia ukuta. Muuguzi alimwachia muda, akijifanya anatafuta mkasi. Kisha akauliza hilo jina limetoka wapi, na fundi akamsimulia yote.

"Nausikia mchezo huo," muuguzi alisema. "Na kuna mwingine wa muuguzi mwanamume anayezimia akiona damu. Wagonjwa wakiniona wananiuliza daktari yuko wapi. Redio haikukusingizia, mama. Imekukata. Imebakiza sauti yako, sababu imeitupa. Watu wakilishwa hivyo kila mchana, wakimsikia mwanamke anaonya, wanasikia kelele tu. Hawaulizi ameona nini."

"Sasa nifanyeje? Nikisema nachekwa. Nikinyamaza, ndiyo haya."

"Andika. Sisi hapa tunaandika kila kitu: siku gani, saa ngapi, nani kaambiwa, kajibu nini. Maandishi hayana sauti ya kuchekwa."

Asubuhi ya pili, binti akiwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani, kabla wateja hawajaja, fundi alifungua daftari lake la vipimo. Miaka tisa hakuwahi kuandika humo kitu zaidi ya kiuno, kifua na urefu. Aliandika: *Mimi ni mke wa fundi rangi.* Akaifuta. Ilikuwa kweli, lakini si yeye aliyeona waya. Akaandika: *Samahani kwa kuwasumbua.* Akaifuta kwa mistari miwili, karatasi ikachanika. Alikaa. Jasho lilimtoka kama mtu anayekata kitambaa cha mteja mkali. Kisha kalamu ikatembea:

*Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kuona kitu kilichochanika kabla hakijaachana. Waya huu niliuona mimi kwanza.*

Aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Hakuna aliyewahi kumwelezea hivyo, hata yeye mwenyewe. Akaendelea na tarehe, saa, na majibu ya msimamizi, likiwamo lile la zimamoto, na cheche ambazo binti aliziona akaogopa kusema.

Alipita mlango kwa mlango akiomba sahihi. Yule wa chumba cha mwisho alitia sahihi ya kwanza, macho chini. Nakala moja ilikwenda kwa mwenye nyumba, moja kwa msimamizi. Siku ya tatu fundi umeme alikuja, akavuta waya mpya ndani ya bomba la plastiki la kupitishia nyaya, mbali na maji, akaweka na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Msimamizi alishika ngazi muda wote bila utani.

Binti alirudi shuleni mkono umefungwa. Kioo cha dirisha la darasa kilikuwa kimelegea, akasimama akasema. Wawili walilia uuuu. Mwalimu hakucheka. Alikwenda kukigusa kioo, kikang'oka na kubaki mkononi mwake.

Ilibaki nakala ya shemeji. Alipokuja kula, fundi aliiweka juu ya sahani yake tupu.

"Shemeji, ule ulikuwa utani tu," alianza. "Mwanamke akifoka, studio wanafurahi. Ndivyo wanavyotaka."

"Soma kwanza. Chakula hakikimbii."

Alisoma. Alipofika mahali pa cheche, alimtazama binti, na mkono uliofungwa, akaiweka karatasi chini.

"Nimekuibia," alisema. "Nataka kuuandika mchezo upya. Mke huyu awe mtu, si kelele. Lakini sijui, shemeji. Siku ile ulipopaza sauti hapa mezani, ulikuwa unataka kusema nini?"

Mumewe aliacha kutafuna. Fundi alitazama mikono yake. Angeweza kusema alitaka waya utengenezwe. Ingetosha. Lakini tangu alipoandika, hakuweza tena kusema jambo nusu nusu.

"Sikuwa nagomba," alisema, taratibu, akimtazama mumewe na si shemeji. "Nilikuwa naogopa. Niliogopa kila ndoo iliyokwenda uani. Na nilitaka mtu mmoja tu, humu ndani, aogope pamoja na mimi."