Sahani ya Pili ya Saad

Jumapili hiyo ya mwaka 1957, uani kwa Bi Shamsia, huko Pumwani, kulinukia pilau. Bi Shamsia alikuwa amepona homa kali. Majirani walimuuguza vizuri, na mchana huo alitaka kuwashukuru kwa chakula.

Mjukuu wake, Salme, alikuwa ameketi na kibao cha kuandikia magotini. Amenuna.

"Hesabu gani hiyo inayokununisha siku ya shukrani?"

"Ya sehemu zenye herufi, Bibi. Kesho narudia mtihani. Nikianguka tena, narudishwa darasa la chini."

Kibaoni palikuwa na hesabu hii:

1/x − 2/(x² + 2x)

Salme alikuwa amezidisha zile za chini zote mbili pamoja. Zikawa ndefu kama gari moshi la Mombasa. Akafuta. Machozi yakamlenga.

"Iache kwanza, mwanangu. Panga sahani. Saad lazima ale, alinitekea maji. Na nyumba ya Saad nzima, maana Lela mkewe alinikanda miguu. Na Mwalimu Aoko wa chumba cha mbele, aliyenipikia uji."

Salme akapanga. Wageni walipoketi mkekani, sahani moja ikabaki haina mtu.

Bibi akaitazama, akacheka. "Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika.

"Nimeita mara mbili, mmoja akaitika kote."

"Ni mimi!" Saad akajipiga kifua. "Lakini hiyo sahani msiiondoe. Tumbo langu nalo lina wageni."

"Huna haya, mume wangu," Lela akasema.

Mwalimu Aoko alikuwa anakitazama kile kibao. "Salme, hata hapa umemwalika Saad mara mbili."

"Wapi, Mwalimu?"

"Chini ya sehemu ya kwanza kuna x. Huyo ni Saad peke yake. Chini ya sehemu ya pili kuna x² + 2x. Fungua mlango, uone nani wamo ndani."

Salme akafikiri. "x mara x, na mbili mara x. Kumbe x imo kote! Nikiitoa nje, napata x(x + 2)."

"Basi hiyo ndiyo nyumba nzima, Saad na Lela. Utamwekea Saad sahani nyingine?"

"Hapana, yumo tayari. Chini inatosha x(x + 2)."

"Sehemu ya kwanza imemkosa nani?"

"Lela. Yaani x + 2."

"Basi zidisha kwa x + 2, chini na juu, ili thamani isibadilike."

Salme akaandika:

(x + 2)/[x(x + 2)] − 2/[x(x + 2)]

"Chini zimefanana. Sasa natoa za juu: x + 2 − 2. Inabaki x."

x/[x(x + 2)]

"Gawanya juu na chini kwa x."

1/(x + 2)

"Imekuwa fupi hivi?"

"Usiniamini mimi. Ijaribu. Fanya x iwe 1."

Salme akajaribu. Ile ndefu: 1 − 2/3, ni 1/3. Ile fupi: 1/(1 + 2), ni 1/3. Akaruka nusura amwage pilau.

Wiki iliyofuata alirudi kutoka shule akikimbia. Amefaulu! Bibi akamshukuru Mungu, kisha akabandika chuma cha vitumbua.

"Mpelekee Mwalimu, na umwambie asante."

Salme akatoka na sahani mbili.

"Ya pili ya nani tena?"

"Ya Saad, Bibi. Safari hii nimemhesabu mara moja tu."