Posa Iliyopita Mlangoni kwa Mwaisha

Godlisten alikosea kununua suruali, na mwaka ule ndilo kosa pekee ambalo hakulijutia. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, soko la mitumba la Morogoro, watu wanasukumana juu ya mabelo yaliyofunguliwa muda huohuo. Aliivaa papo hapo juu ya kaptula yake, na miguu ikapotea ndani.

"Kaka, hiyo suruali ina mwenyewe, wewe umepanga chumba tu," alisema msichana mmoja bila kuinua macho kwenye cherehani.

Godlisten akageuka. Msichana mwenyewe, Eufrazia, alikuwa amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe kutokana na pazia la mtumba, na limemkaa utadhani limetoka dukani. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni.

"Mwenyewe amehama," akajibu. "Nipunguzie kuta."

"Vua."

"Hapa?"

"Kwani huko juu ya mabati unaona haya?" Alishamtambua. Ni yule fundi wa madishi, kijana wa Rombo aliyepanda nusu ya mapaa ya mji tangu televisheni za watu binafsi zilipoanza. Akamtupia khanga. Basi mwanamume mzima, mtanashati, akasimama katikati ya soko amejifunga khanga kiunoni, na kabla pindo la mguu wa pili halijaisha alikuwa ameshapenda.

Jumatatu simu ililia dukani kwa Salehe, jirani wa cherehani, Eufrazia akaitwa.

"Halo, mwenzangu nani?"

"Mwenye suruali."

"Ina shida?"

"Suruali haina. Mwenye suruali ndiye hali chakula."

"Kamwone daktari."

"Si ndiye ninayeongea naye?"

Salehe alicheka mpaka akamwaga sukari ya mteja. Ikawa hivyo miezi minane: mpenzi huku, kipenzi kule, na Jumapili jioni chai nyumbani kwa Mwaisha, Kichangani.

Huyu Mwaisha inabidi nimweleze. Alikuwa Mwislamu wa hapahapa mjini, mjane asiye na mtoto, na alifanya kazi kiwanda kimoja na mama yake Eufrazia, zamu moja, mashine zimepakana. Mama yule alipofariki, Eufrazia alikuwa na miaka saba. Baba yake, Anselmi, alishaoa mwingine Ngerengere, na hakuja hata kwenye arobaini. Mwaisha akamshika mtoto mkono wakaenda nyumbani. Kila Jumapili alimpeleka mpaka mlangoni mwa kanisa, akamngoja nje na mtandio wake, kwa sababu mama wa mtoto alikuwa Mkatoliki na hakutaka kumdhulumu marehemu. Kiwanda kilipobinafsishwa na wafanyakazi kupunguzwa, alirudi na cherehani, akamfundisha mtoto kushona. Yote haya Godlisten alisimuliwa. Alisikia, ila hayakumwingia.

Maana kwao Rombo posa huenda kwa baba. Kwa hiyo akamchukua baba yake mdogo, wakapanda treni kimyakimya mpaka Ngerengere, wakamkabidhi Mzee Anselmi barua ya posa. Wiki iliyofuata mzee akatokea sokoni na koti jipya, akiwaambia wauza nyanya kwamba amekuja kumwona binti yake, mchumba wa fundi. Ilibidi aelekezwe binti mwenyewe ni yupi.

Godlisten alipiga simu kutoka Dumila, alikokwenda kufunga dishi.

"Frazia wangu, umepata habari? Nilitaka kukushtua."

"Nimeshtuka. Umepeleka posa kwa mtu aliyeuliza sokoni mimi ni yupi. Na sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, posa hupokea mjomba. Umekosea mara mbili."

"Basi nitakwenda kwa mjomba, mpenzi. Usikasirike."

"Na mama Mwaisha?"

"Mama Mwaisha namheshimu. Lakini yule amekulea tu, Frazia. Si ndugu."

Eufrazia akakata simu. Mimi ningeitupa kabisa, lakini ilikuwa mali ya Salehe.

Tangu siku hiyo kila Godlisten alipopiga, Salehe alimjibu, "Amesema hayupo."

"Amesema nani?"

"Yeye. Amesimama hapa ananielekeza."

Nyumbani Mwaisha hakuwa na raha. "Mwanangu, usikose mume kwa ajili yangu. Mimi nani? Ndugu zako wako mlimani."

"Siolewi kwa posa iliyopita mlangoni kwako bila kubisha hodi, mama. Nitazeekea hapahapa."

Alikuwa akimpenda Godlisten kupita kiasi, usiku analia, na bado alimaanisha kila neno.

Godlisten akapanda Mgeta, milimani kwa ukoo wa mama yake Eufrazia. Alimkuta Mjomba Athanas kwenye shamba la kabichi, mteremkoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Sijawa mjomba wako bado."

Akapiga magoti kutoa barua, na hapo akahisi kitu laini magotini. Ndani ya suruali yake ya kazi kulikuwa na viraka vinene, vilivyoshonwa ili mabati yasimkate. Eufrazia hakushona hivyo. Mshono ule ulikuwa wa Mwaisha; Jumapili moja aliiacha suruali kwake ipigwe pindo. Hakuna aliyemwomba. Godlisten aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Athanas aliitazama barua, hakuigusa. "Dada yangu alipofariki nilikuwa na watoto tisa. Nilipaswa kumchukua yule mtoto. Sikumchukua. Haki ya kupokea hii ni yangu, lakini nikiipokea nitaonekana mwizi. Andika nyingine. Mimi nitakuja kukaa tu, nishuhudie."

Jumapili ya pili yake, sebuleni Kichangani, baba mdogo alimkabidhi Mwaisha bahasha kwa mikono miwili. Godlisten aliomba kusema kwanza.

"Mama, nilisema wewe si ndugu. Nilikosea. Nisamehe."

Juu ya bahasha Mwaisha aliona maneno: Kwa Mama Mwaisha, mzazi wa Eufrazia. Alisoma taratibu, mara mbili, machozi yakamtoka, akayafuta kwa pindo la khanga. Kisha akakaa wima.

"Huyu kijana anakunywa?"

Baba mdogo akakohoa. "Kidogo, mama. Sikukuu."

"Sikukuu zenu ni ngapi kwa mwaka?"

Mjomba Athanas alitazama chini ili asicheke.

"Haya. Barua tumeipokea," akasema Mwaisha. "Majibu mtayapata baada ya mwezi."

Pazia la chumbani likafunguka. "Mama, mwezi mzima?"

"Wewe nani kakuuliza? Rudi ndani." Akaikunja barua, akaisunda kifuani. "Tutakaa na mjomba wake, tutaulizia kwenu Rombo, tutafikiri. Hatuna haraka. Nina binti mmoja tu."

Nyuma ya pazia Eufrazia alijiziba mdomo kwa khanga, akacheka huku analia.