Kifaru Asiye na Pembe Katika Shimo la Udongo

Mama Matofali na mumewe walikuwa wafyatuaji wa matofali. Kila jioni walichimba udongo na kuumwagia maji. Asubuhi waliukanda kwa miguu, kisha wakaufyatua kuwa matofali kwa kibao cha mbao. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha.

Siku moja jembe liligonga kitu kigumu. Lilikuwa taya lenye meno makubwa, limeganda ndani ya bonge la udongo.

"Tuliloweke kama mabonge mengine," alisema mume. "Kesho udongo utatoka wenyewe."

Kweli, udongo ulitoka. Lakini taya nalo lilimeguka vipande vipande. Mama Matofali alijuta sana. Akapiga simu makumbusho.

Mtaalamu alikuja, akachuchumaa shimoni, akatazama meno yaliyobaki.

"Huyu ni kifaru wa kale, mama. Aliishi mamilioni ya miaka iliyopita. Aina yake imekwisha duniani."

"Mbona hatukuona pembe?" aliuliza mume.

"Vifaru wengine wa kale hawakuwa na pembe."

"Kifaru bila pembe!" Mama Matofali alicheka. "Huyo ni kiboko aliyejisahau."

"Hujakosea sana. Alikuwa na tumbo kubwa na miguu mifupi. Udongo wenu huu ulikuwa tope la mto. Na meno mafupi kama haya ni ya kutafuna majani ya miti."

"Na sisi tumemharibu," alisema Mama Matofali.

"Hamkujua. Mfupa wa kale ukilowa unaweza kupasuka. Mkiona mwingine, uacheni hapohapo. Msiuvute, msiuoshe. Ufunikeni, mtuite."

 Kwenye kona ya shimo yenye udongo mzuri kuliko wote, Mama Matofali alikuwa ameona mfupa mwingine. Alikuwa ameufukia bila kumwambia mtu. Aliogopa shimo lingefungwa, wakose kazi.

Mwishowe roho ilimsuta. "Kuna mwingine," alisema, akionyesha kwa kidole. "Niliuficha mimi."



"Asante, mama," alisema mtaalamu. "Tutahitaji kona hiyo tu, kwa wiki mbili. Ninyi endeleeni kuchimba upande wa pili."

Watu wa makumbusho walichimba kwa brashi na visu vidogo. Kila walipofika kwenye mfupa waliuacha ukauke, wakaufunga kwa plasta kama mguu uliovunjika. Baada ya wiki mbili walitoa fuvu zima, na meno yote yamo.

Mama Matofali alifurahi hadi machozi yakamlengalenga.

"Mke wangu," alisema mume, "miaka kumi na miwili tunachimba hapa. Leo ndiyo mara ya kwanza kitu kimetoka shimoni bila sisi kukikanyaga."