Sahani ya Bibi Jioni ya Taa

"Nendeni mkaone taa, halafu mrudi upesi," Mama alisema, mwiko mkononi, mvuke wa wali ukimpanda usoni. "Na wewe Imasha, usiuachie mkono wa Sanuli."

Jua lilikuwa linazama. Ilikuwa Vesaki, sikukuu ya kuzaliwa Buddha, na mji mzima umevaa nyeupe. Mbele ya lango lao lilisimama dansala, banda la sadaka ambako kila apitaye hulishwa bure. Hafukuzwi mtu, haulizwi mtu jina. Sufuria za wali, dengu, mchuzi wa fenesi changa. Na juu ya banda, kitambaa kirefu chenye picha ya Bibi, aliyefariki miezi mitatu nyuma: *Thawabu zote zimfikie mama yetu mpendwa.*

Imasha alikisoma kitambaa kile mara mbili, akamgeukia Mama.

"Leo ndiyo anapikiwa?"

"Shusha sauti."

"Masufuria kwa wapita njia, Mama. Yeye ulimpa vijiko viwili."

"Watu wanasikia, wewe mtoto!" Mama aliwageukia wageni, akatabasamu. "Karibuni, karibuni jamani."

Bibi alipoanguka na kushindwa kuinuka kitandani, Mama, mkwe wake, ndiye aliyemwuguza. Akaamua kwamba mgonjwa akila sana atachafua shuka. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni, basi. Wadogo zake Imasha, Dinuki na Sanuli, walikuwa wamepelekwa kwa shangazi, hawakuona kitu. Imasha alirudi likizo kutoka chuoni akakuta mifupa inayopumua. Alifoka, akabishana, akataka daktari aitwe. Baba alitazama sakafu. Mjomba alimwambia elimu imempanda kichwani. Kabla wiki haijaisha, Bibi akazikwa kwa heshima zote.

Hilo ndilo lililomchoma. Heshima zote.

Bwawani palikuwa peupe kwa taa. Taa za karatasi zenye pande nane, taa za umbo la yungiyungi, moja kubwa kama nyumba ikizunguka polepole. Sanuli, mwenye miaka sita, alikuwa na kibendera cha dansala, akimpungia kila mtu.

"Karibuni mle kwetu! Bure! Hata wewe mwenye kitambi!"

Mwenye kitambi alicheka. Dinuki, mkubwa wake kwa miaka mitatu, aliona aibu.

"Na wewe acha kubugia hizo karanga. Mwalimu wa hekaluni kasema mroho akifa anageuka mzuka mwenye njaa. Tumbo kama ngoma, mdomo kama tundu la sindano."

"Muongo! Atakulaje sasa?"

"Hali. Ndiyo adhabu yenyewe."

"Adhabu ya mroho," Imasha alidakia kwa hasira. "Na aliyenyimwa je? Mwalimu wenu hakusema?"

Walifika mwisho wa njia, pale taa zilipokoma na miti ikaanza. Sanuli akainua kibendera chake kuelekea gizani.

"Karibu ule kwetu, Bibi!"

Imasha aligeuka. Hapakuwa na mtu.

"Unamwita nani?"

"Yule pale. Amekaa chini."

Hakuna mtu. Ila harufu ilikuja... Marhamu ya miti shamba. Shuka iliyolowa. Imasha aliijua harufu hiyo. Aliwahi kukaa nayo chumbani kwa Bibi.

Halafu sauti. Nyembamba, kama upepo unaopenya kwenye ufa.

Fyuuu... fyuuu...

Mshumaa wa taa iliyokuwa karibu nao ukalala upande mmoja. Upepo haukuwepo.

"Twendeni," Imasha alinong'ona. "Msigeuke."

Aliwakokota karibu mbio. Lakini Sanuli aligeuka. Aligeuka njia nzima, akipunga kibendera. "Huku, Bibi. Si mbali."

Kwenye dansala foleni ilikuwa ndefu. Imasha alitaka kuwaingiza ndani moja kwa moja. Sanuli akajichomoa, akapenya mpaka mbele kwa Mama, mikono miwili imenyooka.

"Mama, nipe yangu. Na ya Bibi."

"Bibi gani, mwanangu?"

"Huyu hapa nyuma yangu."

Mama alicheka. Kisha kicheko kikakatika. Imasha aliona pua yake ikicheza, akajua harufu imemfika.

Fyuuu... fyuuu...

"Mpe, Mama," Imasha alimwambia kwa sauti ya chini. "Nakusihi. Mpe tu."

Mama aliulaza mwiko juu ya sufuria iliyojaa.

"Chakula kimekwisha," Mama alisema.

Mzee mmoja aliuchungulia wali, akamtazama Mama, akatikisa kichwa. Kwenye dansala neno hilo halisemwi sufuria ikiwa imejaa.

Sanuli aliinamisha sikio, kama anayenong'onezwa. Akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Anasema si neno, atakula kwangu. Mdomo wake haupitishi kitu, wangu unapitisha."

"Hapana!" Imasha alimkamata mabegani. Lakini mtoto alikuwa ameshatia mkono sufuriani. Alikula wali wa moto bila kupuliza. Akala kwa mikono miwili. Wakamvuta, akang'ang'ania ukingo wa sufuria, akala mpaka watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, viatu mkononi.

Akamwinulia Mama uso uliojaa wali. Sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto.

"Nipe kidogo tu, mwanangu. Sitachafua shuka."

Mwiko ukaanguka.

Watawa walikuja, wakasoma sala usiku kucha, wakamfunga Sanuli uzi mweupe mkononi. Mtawa mkuu aliuliza kama nyumba hii ina deni lolote kwa marehemu.

"Hatuna," Mama alijibu.

"Sema, Mama!" Imasha alilia. "Baba, mwambie aseme!"

Baba alitazama sakafu. Imasha akasimulia mwenyewe, yote, mpaka sauti ikamkauka. Mtawa alimsikiliza kwa huruma, kisha akasema neno hili lina faida tu likitoka kinywani mwa aliyelitenda.

Mama hajalitoa mpaka leo. Anapika tu. Anapika alfajiri mpaka jioni, na Sanuli anakula, na kila asubuhi nguo zinampwaya zaidi. Madaktari wamepima damu, wamepima choo, hawaoni kitu. Dinuki hataki tena kulala naye chumba kimoja. Anasema Sanuli anapiga mluzi usingizini.

Kwa hiyo Imasha ndiye anayelala naye, mkono juu ya mbavu zake, akisikiliza. Fyuuu... fyuuu... Hoja anazo, za kumshinda yeyote. Hana pa kuzipeleka.

Jana Mama alikuja na sahani, akajaribu kijiko cha kawaida. Kiligonga pembe za mdomo wa Sanuli, kikagoma kuingia.

Akaenda jikoni, akarudi na kijiko cha chai.

Nacho kilipita kwa shida.