Bibi Nkasiogi na Piano

Kila Jumanne asubuhi Naisenya alikuwa akiwahi dawati la mbele, maana kipindi cha kwanza kilikuwa Kifaransa, na Kifaransa alikipenda kuliko wali wa sikukuu! Wiki hiyo Madam Yusra aliwafundisha kusimulia mazoea ya zamani: alikuwa akilima, alikuwa akiimba.

"Kamuulizeni bibi au babu utoto wake ulikuwaje," akasema. "Siku ya wazazi mtasoma mbele ya watu."

Naisenya akanywea. Bibi yake, Nkasiogi, alikulia kwenye boma la wafugaji huko Handeni. Sasa aseme nini, ng'ombe? Darasa zima hapa Korogwe limcheke? Basi hakumuuliza bibi chochote. Alichukua sentensi za kitabuni, akambandikia bibi yake.

Siku ya wazazi, weee, nani huyo anaingia, shanga zinalia cha-cha-cha? Bibi Nkasiogi mwenyewe! Naisenya akasoma kwa sauti ya mbu:

"Ma grand-mère habitait en ville. Le soir, elle jouait du piano."

Madam Yusra akawatafsiria wazazi: "Bibi yangu alikuwa akikaa mjini. Jioni alikuwa akipiga piano."

"Nani, mimi?" Bibi akashangaa. "Hiyo piano ni ng'ombe wa rangi gani?"

Watu wakavunjika mbavu. "Shoga, umeumbuka!" akanong'ona Ikram, rafiki yake. Lakini Naisenya alimwona bibi peke yake hacheki. Amejikunyata ndani ya shuka lake.

Hapo moyo ukamuuma kweli. Akamwendea, akainamisha kichwa kama wajukuu wanavyosalimia kwao.

"Koko, bibi yangu, nisamehe. Nimedanganya. Niliona haya."

"Haya ya nani? Yangu?"

Naisenya machozi yakamtoka. "Niambie sasa. Jioni ulikuwa ukifanya nini?"

Mkono wa bibi ukatua kichwani kwa mjukuu. "Nilikuwa nikimwimbia ng'ombe. Asipoimbiwa, maziwa anayabana. Chuchu mbili nakamua, mbili namwachia ndama."

"Elle chantait pour la vache," Naisenya akatafsiri, safari hii kwa sauti. Bibi akauimba wimbo wenyewe.

"Rudia, bibi!" Ikram akaropoka.

Madam Yusra akamshika Naisenya bega. "Kifaransa chako kizuri, mwanangu. Ila kujifunza lugha ya watu si kuazima bibi wa watu. Ukweli wako ndio utakaokupa maneno."