Hodi ya Tatu

Ukumbi wa vitambulisho ulikuwa umejaa mpaka kwenye ngazi. Watu wameshika vikaratasi vya namba, watoto wanalia, feni inazunguka kivivu kama imelazimishwa, na juu ukutani televisheni inaonyesha marudio ya tamthilia ya Nyumba ya Wageni. Hakuna aliyekuwa akiitazama ila watu wawili.

Mmoja alikuwa binti mshonaji. Gauni lake la kijani alilishona mwenyewe, vifungo vidogo vyeupe kutoka shingoni hadi kiunoni, na pini mbili alizozisahau kwenye ukosi. Wa pili alikuwa seremala, shati limepigwa pasi likanyooka, ila vumbi la mbao limembakia kwenye nyusi.

Tamthilia yenyewe ilikuwa kituko. Mapokezi yalishikwa na mbuzi aliyefungwa tai, na hakuna mgeni aliyeona ajabu. Kilichowanyima watu usingizi ni mlango wa chumba namba kumi na moja, ambao tangu sehemu ya kwanza ulikataa kufunguka. Walijaribu funguo, shoka, maombi. Mbuzi naye aliupiga pembe.

"Wanajisumbua," seremala alinong'ona. "Bawaba ziko nje. Mlango ule unavutwa, wao wanausukuma."

"Si bawaba, kaka," binti akajibu bila kugeuka. "Sehemu thelathini na nane, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi."

Seremala akacheka mpaka mlinzi akamkazia macho. "Hodi? Kwa chumba kitupu?"

"Nani kakwambia ni kitupu?"

Kumbe namba zao zilishaitwa zikapita. Wakaanza foleni upya, safari hii pamoja.

Binti akamwingiza kwenye kundi la simu la wapenzi wa tamthilia ile, watu mia tatu wasiofahamiana, wanaobishania tai ya mbuzi kana kwamba wanagawana urithi. Seremala akambandika jina Sindano, kwa kuwa ulimi wake unachoma. Binti naye akamwita Randa, kama ile ya kulainishia mbao, maana maneno yake hulainisha kila kitu. Kila Jumapili jioni, kipindi kikiisha tu, simu iliita.

"Sindano wangu, umeona tai imebadilika rangi?"

"Nimeona. Na fundo ni la mtu wa mkono wa kushoto. Mwenye nyumba anatumia wa kulia."

"Sasa nani kamfunga mbuzi wa watu?"

"Aliyemo chumbani, Randa. Haya, shangazi ananiita."

Shangazi huyo, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba, ndiye aliyemlea. Alikuwa na neno moja tu juu ya kijana. "Mwaka mzima anakubipu pale nje kama anaita teksi. Hodi haijui?"

Sindano alipomfikishia, Randa akageuza utani. "Siku chumba cha kumi na moja kikifunguliwa, siku hiyohiyo namleta mama kwenu. Naapa kwa pembe za mbuzi!"

Sindano alicheka, lakini neno lile alilikunja akaliweka moyoni. Kiwanda cha sare katika mji wa mbali kilikuwa kimemwita akasimamie meza ya kukatia, naye kila wiki akaahirisha kujibu, akiungoja mlango wa kwenye televisheni.

Alhamisi moja kituo kikatangaza: tamthilia imekatishwa. Haitamaliziwa.

Sindano akaondoa mguu kwenye cherehani. Alisubiri simu ya Randa. Simu haikuita, ila ililia ujumbe wa kundini. Picha ya mbuzi mwenye tai, meno yote nje, na chini yake maneno ya Randa: "Bwana harusi baada ya kusikia mlango hautafunguliwa tena."

Vikaragosi vya kucheka vikamiminika. Alihesabu mpaka sitini, akashindwa. Aliigeuza simu kifudifudi ndani ya kopo la vifungo, akalia kimyakimya wateja wasimwone. Baadaye akaitoa, akapiga kiwandani.

Randa mwenyewe hakuwa akicheka alipoandika. Ukweli wake ulikuwa huu: shule aliiacha darasa la sita, na sebule ya mwalimu yule ilimtisha kuliko msumeno wa umeme. Mlango wa tamthilia ulikuwa maficho yake, na sasa maficho yamebomoka, akakimbilia kuchekesha watu.

Alipiga simu mara arobaini na moja. Ijumaa ikapokelewa.

"Mpenzi, ulikuwa utani tu wa kundini..."

"Kundini mko mia tatu. Aliyejua ahadi ya ule mlango alikuwa mmoja."

"Sindano, nisikilize, nakuomba..."

"Kesho saa nne basi langu linaondoka. Furahi, bwana harusi."

Ikakatwa. Randa akapima ubao mmoja mara tano, na bado akaukata vibaya. Akakaa chini juu ya takataka za mbao. Mama yake alipomkuta hapo alimshika paji la uso.

"Mwanangu, una homa?"

"Mama, kesho asubuhi vaa viatu vya kutokea."

Jumamosi saa mbili, begi la Sindano lilikuwa limefungwa, cherehani imeviringishwa kwenye blanketi. Nyayo zikasikika nje. Simu haikubipu.

"Hodi."

Shangazi akashusha miwani. Sindano akaukaza mkono kwenye mshipi wa begi.

"Hodi." Sauti ilipasuka katikati.

Hodi ni tatu. Usipojibiwa ya tatu, unawaachia wenyewe nyumba yao, unaondoka. Aliye nje alilijua hilo, na wa ndani alilijua.

"Hodi, wenyewe..."

Randa alingoja. Mkono wake ukashuka polepole. "Twende, mama. Hamna mtu."

"Nani kakwambia hamna?" Sindano alipiga kelele, akaurukia mlango, akausukuma kwa bega, ukagoma. "Randa! Usiende! Karibu! Karibu jamani, hauf—"

"Vuta, Sindano! Bawaba ziko kwako!"

Ukafunguka. Alisimama pale na koti lililombana mabega, vumbi kwenye nyusi, na nyuma yake mama amekumbatia pochi.

"Wewe ndiye wa kubipu?" shangazi akauliza.

"Ndimi. Shikamoo, mwalimu. Nimeishia darasa la sita."

"Marahaba. Sijakuuliza bado."

"Nimeona niseme kabla hofu haijanirudia."

Sindano alikuwa analia waziwazi. "Na yule bwana harusi aliyechekelea?"

"Yule alikuwa mbuzi, mpenzi. Mimi sijacheka tangu Alhamisi."

Mama, ambaye hakuwahi kutazama hata sehemu moja ya tamthilia, akakohoa, akamwita shangazi dada, akasema lililomleta. Shangazi akamgeukia Sindano. Sindano akafuta machozi kwa kiganja, akachukua simu, akapiga kiwandani.

"Nitakuja," alisema, macho kwa Randa, "lakini si leo. Leo nina wageni."

Randa aligeuka aufunge mlango. Shangazi akamzuia.

"Uache wazi."