Injini ya Kuvukia Too-Ashuu

Begimai alikuwa amepiga magoti katikati ya soko la vipuri la Bishkek, sikio lake limebanwa kwenye kile kipembe cha mbao ambacho wakunga husikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Ila hapa hapakuwa na tumbo. Kipembe kilikuwa juu ya injini ya mtumba iliyokuwa ikinguruma na kutikisika juu ya tairi kuukuu, na wapita njia walipunguza mwendo ili wapate kucheka vizuri.

"Wa kike au wa kiume?" sauti ikauliza nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, ovaroli ya bluu iliyofifia, samsa ya moto, sambusa ya tanuri, mkononi, alikuwa anajitahidi asicheke na alikuwa anashindwa.

"Mzee," Begimai akajibu. "Na ana pumu. Ni wako?"

"Wa jirani, namshukuru Mungu. Wa kwetu wako kontena la tatu. Karibu, daktari."

"Mkunga."

"Basi karibu, mkunga. Naitwa Ermek."

Begimai akasimama, akajipangusa koti lake jekundu la sufu. Alikuwa mtoto wa mjini, mwenye skafu ya hariri shingoni na viatu vizuri ambavyo grisi ilikuwa imeshaviharibu asubuhi hiyo. Lakini kwa miaka mitatu maisha yake yalikuwa yamegawanyika: wiki mbili mjini, wiki mbili kwenye zahanati ya bonde la Suusamyr, ng'ambo ya mlima wa Too-Ashuu. Gari la Kirusi, jipu alilorithi kwa marehemu baba yake, lilikuwa limempitisha huko kiangazi na baridi, mpaka juma lililopita injini ilipopasuka.

"Jipu lina umri gani?" Ermek akauliza.

"Limenizidi miaka miwili."

"Kwa hiyo bado ni kijana."

Begimai hakucheka. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, na siku yoyote theluji ingeanza kuifunga njia. Halafu kulikuwa na jambo ambalo hakupenda kulisema. Mwezi wa pili mwaka uliopita jipu lilikosa nguvu mlimani, likazimika mara nne kabla ya kufika kwenye handaki linalopenya mlima huko juu. Alipomfikia mama aliyekuwa akimsubiri, mtoto alikuwa ameshakata roho. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomnyima usingizi zaidi.

"Nataka ile," akasema, akionyesha dizeli ya Kijapani iliyooshwa ikang'aa, kubwa kama ndama. "Sitaki tena petroli inayohema."

"Ile inapanda hata ukuta. Ila haijapimwa, ndiyo kwanza imetoka kwenye meli. Nipe siku mbili. Na namba yako ya simu."

"Ya nini?"

"Sasa ikishikwa na uchungu nimpigie nani?"

Hapo Begimai akacheka, bila kutaka.

Jioni hiyo simu ikalia.

"Mkunga wangu hajambo?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu ulipopiga magoti mbele yangu."

"Nilipiga magoti mbele ya injini. Usijipe cheo."

Jioni ya pili walikula lagman, tambi za mchuzi wa nyama, kwenye mkahawa mdogo karibu na stendi. Ermek alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, lakini kucha zake zilikuwa bado nyeusi, naye akaificha mikono chini ya meza. Begimai akaivuta, akaiweka juu, katikati ya mabakuli.

"Yangu nimeiosha vizuri," akasema, "lakini ungejua imeshika nini leo, usingekula."

Alirudi nyumbani kwa miguu akiimba kimoyomoyo. Kisha akakumbuka theluji, na wimbo ukakatika.

Jioni ya tatu Ermek alipiga, lakini hakuwa na utani.

"Begimai, ile dizeli imeuzwa."

"Imeuzwa? Kwa nani?"

"Imeuzwa tu. Chukua petroli, ya aina ile ile ya gari lako. Ninayo moja. Nimeifungua mpaka ndani, nimeona kila kitu. Halafu dizeli huganda kwenye baridi ya kule. Hii hata mchungaji anaweza kuitengeneza kwa nyundo na waya."

"Petroli ilishaniulia mtoto wa watu, Ermek."

"Ile ilikuwa imechoka. Hii siyo. Mpenzi, niamini."

Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo, na neno hilo lilimwingia vibaya, kama kiraka cha kuziba tundu. Hakulala. Asubuhi akaenda sokoni, na kitu cha kwanza alichokiona kwenye kontena la tatu kilikuwa ile dizeli, palepale pake, inang'aa.

Sagyn, mwenye kontena, mume wa dada yake Ermek, alitoka akijifuta mikono. Alikuwa mnene, mpole, mwenye kofia ya manyoya hata jua likiwaka.

"Nani kakwambia imeuzwa, binti yangu? Huyu shemeji yangu! Atakuwa na tajiri wake wa kuwinda milimani anayetaka kupandisha dau. Vijana hawa! Chukua, nakupunguzia. Kesho asubuhi mafundi wangu wanaifunga."

Begimai alihisi mashavu yakiwaka moto. Kumbe shati jeupe, kumbe lagman, kumbe mkunga wangu, na nyuma ya vyote hivyo mtu anapigia hesabu mteja wa pili. Akalipa palepale. Ermek alikuwa ametumwa katikati ya mji. Alipompigia mchana, Begimai hakupokea. Akapiga mara saba. Ujumbe aliouandika, Begimai aliufuta bila kuusoma, kisha akakaa akiitazama simu kama mtu aliyejikata kidole.

Kesho yake, saa tatu asubuhi, alikuwa amesimama kando ya jipu lake lenye boneti wazi na tumbo tupu, dizeli ikisubiri sakafuni kufungwa cheni ya kunyanyulia, simu ilipolia tena. Siyo Ermek. Ilikuwa Kenje, nesi wa Suusamyr.

"Dada, yule mjamzito wako Aisuluu ameanza uchungu."

"Wiki tatu kabla? Unamshika kila baada ya muda gani?"

"Robo saa, tena siyo sawasawa. Lakini mtoto bado ametanguliza matako. Gari la wagonjwa limepeleka mtu hospitali ya Talas, halirudi leo. Nami niko naye huku huku ng'ambo ya mto."

Ng'ambo ya mto teksi hazithubutu. Jipu tu ndilo lililokuwa likivuka.

"Mlaze ubavu wa kushoto. Usimwache asukume. Nakuja." Akawageukia mafundi. "Fanyeni haraka, ndugu zangu, nawaomba."

"Msiinyanyue!"

Ermek alikuwa anakuja mbio kati ya makontena, kifua wazi, kofia imeanguka huko nyuma.

"Ondoka hapa," Begimai akasema. "Tajiri wako atapata nyingine."

"Tajiri gani? Begimai, nisikilize dakika mbili, halafu unitukane mpaka uchoke." Akavuta betri, akaunganisha nyaya, akamimina maji kwenye rejeta na kuiacha bila kifuniko. "Njoo uone mwenyewe."

"Ermek," Sagyn akasema polepole kutoka mlangoni. "Acha."

Ermek akawasha. Injini ikashika mara moja, tamu, laini, na Begimai akadhani ameshinda yeye. Kisha maji ya rejeta yakaanza kutoa mapovu. Machache kwanza, halafu yakachemka kama chungu, ilhali injini ilikuwa bado baridi. Ermek akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiweka mbele ya macho ya Begimai. Oili ilikuwa nyeupe, kama chai ya maziwa.

"Imepasuka ndani, maji na oili vimekutana. Iliwahi kuzama majini. Mjini ingekwenda wiki moja. Mlimani ingekufia kabla ya handaki."

Mafundi waliangalia viatu vyao. Sagyn alikuwa amevua kofia yake.

"Nimekulea kwa mkate wangu," akasema, "na leo unanivua nguo sokoni?"

"Shemeji, huyu anavuka Too-Ashuu nayo."

Sagyn aliingia ndani, akatoka na pesa za Begimai, akampa bila kumtazama usoni. "Na wewe," akamwambia Ermek, "usikanyage tena hapa."

Begimai alikuwa amesimama na zile noti mkononi.

"Ulijua toka juzi."

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kumwaibisha mume wa dada yangu. Na niliogopa kukukosa. Nikatafuta uongo wa katikati."

"Huo uongo wako wa katikati ungenizika mlimani. Mimi na Aisuluu wote wawili."

"Najua." Hakujitetea zaidi ya hapo. "Ile petroli iko kwa jirani, imekamilika. Nipe muda wa saa tano."

Zilikuwa tano na nusu. Mafundi wa makontena ya jirani walikuja mmoja mmoja bila kuitwa, huyu na spana zake, yule na cheni. Begimai alishika taa chini ya gari, koti jekundu likaisha kabisa, na kila nusu saa alimpigia Kenje. Uchungu sasa kila dakika kumi. Kila dakika nane. Alijikuta anahesabu uchungu na boliti kwa pamoja. Saa tisa alasiri injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika.

"Sogea," Ermek akasema. "Naendesha mimi. Ikigoma njiani, utamlaumu nani?"

Wakaanza kupanda mlima. Kona baada ya kona, Begimai hakutazama bonde wala vilele vyenye theluji. Alitazama sindano ya kipimo cha joto la injini. Ilipanda, ikasimama, ikapanda kidogo. Lori lililokuwa mbele lilizimika kwenye kona kali, Ermek akalikwepa kwa gia ya pili, injini ikalia kwa hasira, na Begimai akamshika mkono bila kujua. Pale pale jipu lilipozimika mwaka uliopita, akafumba macho.

"Fumbua," Ermek akasema taratibu. "Tumeshapita."

Giza la handaki likawameza, kisha likawatema upande wa pili, na bonde lote la Suusamyr likawa chini yao, la kahawia, limelala kwenye jua la mwisho. Begimai akalia hapo, kwa sauti, kama mtoto. Ermek hakumnyamazisha. Aliendelea kuendesha tu, kwa sababu ndicho kilichotakiwa.

Walivuka mto maji yakigonga milango. Aisuluu alizaa alfajiri, matako kwanza, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha kondoo wote zizini. Begimai alipotoka nje, mikono inanuka sabuni, Ermek alikuwa amesimama kando ya jipu. Theluji nyepesi ilikuwa imeanza kuanguka.

"Mzima?"

"Wazima wote." Akaegemea mlango wa gari karibu naye. "Sasa wewe ni fundi asiye na kazi."

"Nitapata. Nilitaka kusubiri mpaka nipate ndipo niseme hili." Akapangusa theluji kwenye boneti. "Wako wanaume huku wanaomnyakua msichana na kumtupa garini ili wamwoe. Mimi nataka kuja mlangoni kwenu, na mama yangu, na hereni za posa. Akuvishe yeye mwenyewe, kama utakubali."

Begimai alimtazama mpaka Ermek akaanza kuhangaika na zipu ya ovaroli.

"Utanidanganya tena?"

"Nitaogopa tena, hilo sikatai. Lakini nitakwambia ninachoogopa."

Aliangalia juu mlimani, mahali wingu lilipokuwa limeanza kukaa.

"Sishuki mjini mpaka wiki mbili ziishe," akasema, "na wiki mbili ni nyingi kwa njia hii. Chukua jipu. Mlete mama yako huku huku, kabla njia haijafungwa na theluji. Na Ermek, endesha polepole."